Mchango wa chakula shuleni: jinsi ya kujaza stoo ya msaada bila kuishia na mlima wa chumvi

Kila muhula napigiwa simu na mwalimu fulani, leo Tororo kesho Malaba, juzi alikuwa mmoja wa hapa hapa Busia upande wa Uganda, na hadithi ni ile ile. Walitangaza paredi kwamba kila mtoto alete chakula cha kusaidia wasiojiweza, watoto wakaleta, chumba cha hedimasta kikajaa, alafu baada ya wiki mbili panya wamekula nusu, maharage yana wadudu, sukari imepungua na hakuna anayejua imeenda wapi, na stoo ya kanisa ilipoletewa kilichobaki wakashukuru kwa heshima tu lakini usoni unaona kabisa hawakufurahi.

Mi pia nimepita hapo. Mwaka wetu wa kwanza tulipata pakiti 61 za chumvi. Mama anayeshika stoo, sisi tunamwita Mama Stoo tu, aliziangalia akaniuliza polepole, "Sasa mwalimu, chumvi hii yote tuipikie nini?" Sikuwa na jibu.

Kosa letu lilikuwa moja na ndilo naona kila mahali: tulianza na maboksi badala ya kuanza na stoo. Huu mwongozo umepangwa kuanzia stoo, na ukiruka hatua ya kwanza zile nyingine hazitakusaidia sana, nakwambia mapema.

Nikisema stoo nina maana chumba chochote cha karibu kinachogawa chakula kwa watu kila mara: cha parokia, cha msikiti, cha kikundi cha akina mama, au cha wale wanaopikia wagonjwa wa hospitali ya serikali wasio na ndugu wa kuwaletea chakula wodini.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatangaza chochote

- Mizani. Ile ya kuning'iniza ya kilo 50 inatosha. Kama shule haina, azima kwa mfanyabiashara wa nafaka sokoni, chagua yenye alama ya kuhakikiwa na UNBS (shirika la viwango la Uganda). Ukiileta ipime kwa pakiti ya kilo 2 ambayo haijafunguliwa, ikikuonyesha kilo na nusu irudishe.
- Magunia mapya au yaliyooshwa na kukauka, kama 10. Usitumie gunia lililobeba mbolea au dawa ya shamba, hata likioshwa mara tatu.
- Ndoo au mapipa ya plastiki yenye vifuniko, ya sukari na mukene (dagaa).
- Mbao au pallet za kuinua magunia kutoka chini.
- Turubai moja ya kumwagia nafaka ukaguzi ukifanyika.
- Chungio, chupa ya glasi yenye kifuniko na chumvi kavu kidogo (matumizi yake yanakuja hatua ya tano).
- Counter book moja, kalamu mbili, maka ya wino mzito.
- Kufuli mbili zenye funguo tofauti.
- Nauli ya gari, mfukoni, tayari. Sio "tutaangalia siku ile".

Watu: walimu wawili, mzazi mmoja wa PTA (umoja wa wazazi na walimu) anayejua kuhesabu bila kuona aibu, na wanafunzi kama wanane wa P.5 na P.6 (darasa la tano na la sita). P.7 waachie vitabu vyao, wana mtihani.

## Hatua ya 1: Nenda stoo na counter book

Nenda mwenyewe, usipige simu. Ukipiga simu utaambiwa "leteni chochote mwalimu, Mungu awabariki", kwasababu hakuna mtu wa kukataa msaada kwenye simu. Ukifika na ukaingia ndani ukaona kwa macho ndipo watakwambia ukweli.

Uliza hivi:

- Mnagawia familia ngapi, na kila baada ya siku ngapi?
- Nini kinaisha kwanza? Nini kinabaki mpaka kinaharibika?
- Watu wenu wanapika na nini? Maharage yanakula kuni au makaa mengi, na mgonjwa au bibi anayekaa peke yake anaweza kuhitaji mukene au unga wa uji kuliko kilo mbili za maharage makavu.
- Mna nafasi ya kilo ngapi? Tukileta Ijumaa saa nane, nani atakuwepo?
- Nini hamtaki kabisa?

Kwenye hilo la mwisho kuna kitu nakiweka wazi, maziwa ya kopo ya watoto wachanga msiyakusanye. Kuna kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 inayozuia kuyagawa na kuyatangaza ovyo, na sababu yake ni ya jikoni kabisa: mama akipewa kopo moja la bure anapunguza kunyonyesha, maziwa yake yanapungua, kopo linaisha, na maji ya kuchanganyia pengine hayakuchemshwa. Mama mwenye shida hiyo apelekwe kituo cha afya.

Utajua umefaulu ukitoka pale na orodha ya vitu vitano au sita, sio ishirini, na kila kimoja kina namba mbele yake.

## Hatua ya 2: Chagua wakati, alafu omba ruhusa

Watu wengi wanapanga mchango mwisho wa muhula kwasababu ndipo kuna nafasi. Ni wakati mbaya kuliko wote, manake chakula kikichelewa siku mbili shule inafungwa na magunia yanalala ndani wiki tatu na panya.

Mi napendekeza katikati ya Machi. Angalia mwenyewe: mavuno ya msimu wa pili yanaingia kuanzia Novemba hadi Januari, alafu jua la Desemba hadi Februari linakausha, kwahiyo Machi nafaka iliyoko majumbani na sokoni ni kavu. Ada za Februari zimeshalipwa au angalau kelele zimepungua. Na stoo inakaribia Aprili na Mei, miezi ambayo shamba limepandwa na nyumba haina kitu, watu wanangoja mahindi ya Julai. Chakula chako kinafika kabla tu ya njaa.

Julai na mwanzo wa Agosti inavutia pia kwasababu mahindi ni mengi na bei imeshuka, lakini mengi yake ni mabichi na mvua bado zinasumbua. Ukichagua huko ukaguzi uwe mkali mara mbili. Muhula wa tatu, ikipita katikati ya Oktoba acha kabisa, PLE (mtihani wa kumaliza shule ya msingi) iko Novemba na hakuna mwalimu atakayekusikiliza.

Miaka hii Ramadhani na Kwaresima zimekuwa zikikutana Februari na Machi, jambo ambalo linasaidia sana, mioyo iko wazi pande zote mbili. Ila Zaka ya Fitri usiichanganye na gunia la shule. Ina watu wake na muda wake kabla ya swala ya Idi, waachie msikiti.

Ruhusa: hedimasta kwanza, kwa barua, alafu mwenyekiti wa PTA. Na mjulishe mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) kama mtapita na magunia kijijini, vinginevyo utasikia uvumi kwamba shule imepokea msaada kutoka nje na inauza, na huo uvumi ukishatembea jioni moja hauna dawa.

Utajua umefaulu ukiwa na barua iliyogongwa mhuri, na tarehe tatu zimeandikwa: kupokea, kupeleka, kusoma hesabu.

## Hatua ya 3: Piga hesabu, alafu kila darasa lipewe kitu kimoja

Hapa ndipo mlima wa chumvi unapozaliwa. Mzazi akiambiwa "chochote" anaangalia duka la jirani, anachukua cha bei ya chini kabisa, na cha bei ya chini ni chumvi. Sio ubaya wake. Hukumwambia.

Chukua vipimo ambavyo mashirika ya msaada hutumia kwa mtu mmoja kwa siku, karibu hivi: unga au nafaka gramu 400, maharage gramu 60, mafuta gramu 25 hadi 30, chumvi gramu 5. Sasa tuseme stoo yenu ina familia 30, kila familia watu 5, hao ni watu 150. Kwa siku moja wanahitaji:

- unga kilo 60
- maharage kilo 9
- mafuta karibu kilo 4
- chumvi gramu 750 tu

Zile pakiti zetu 61 za nusu kilo zilikuwa kilo 30 na nusu, ambazo zingewatosha watu 150 siku 40, na maharage tuliyoleta siku hiyo hiyo hayakuwatosha siku mbili.

Kwenye shule ya watoto 400, usihesabu 400. Hesabu kwamba sita katika kila kumi wataleta, wengine watasahau na wengine hawana, na kwa wasio na kitu nitarudi chini kwasababu ndilo jambo linaloniumiza zaidi. Mgawanyo tunaoutumia sisi:

- P.1: chumvi, pakiti ya nusu kilo. Hao peke yao wanatosha kwa shule nzima.
- P.2: sabuni. Haziliwi najua, lakini kila stoo niliyouliza wameitaja.
- P.3, P.4 na P.5: maharage, nusu kilo kila mtoto. Watoto 57 darasani, wakileta sita katika kumi, madarasa matatu ni kama kilo 51, karibu siku 6 za watu 150.
- P.6: karanga au mukene, kutegemea stoo walisema nini.
- P.7: sukari nusu kilo, na baada ya hapo wasisumbuliwe.

Umeona unga haupo? Makusudi. Mtoto anatembea kilomita tatu, usimbebeshe kilo mbili za unga kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) inayopasuka njiani, na ukikusanya unga wa nyumba hamsini unapata unga wa aina hamsini, wa jana na wa mwaka jana, ukimwaga mmoja mbaya ndani ya gunia umeharibu gunia lote. Unga nunueni kwa pamoja kwenye mashine ya kusaga. Wazazi wanaotaka kutoa pesa watoe kwa mweka hazina wa PTA na wapewe risiti. Ni mweka hazina peke yake anayepokea, sio mwalimu wa darasa, sio mimi, sio wewe. Pesa ikipita mikono miwili tayari kuna maneno.

Chukueni unga namba moja uliokobolewa vizuri kama stoo itakaa nao muda, huo unakaa kuliko unga wa mahindi yasiyokobolewa, kwasababu kiini cha punje kina mafuta na mafuta yanachacha. Na msijilaumu mkipata kilo 150 tu, hiyo ni siku mbili na nusu, stoo ina wachangiaji wengine na ndiyo sababu uliwauliza kwanza.

## Hatua ya 4: Barua kwa wazazi

Fupi. Ikizidi nusu ukurasa haisomwi. Andikeni kwa lugha ambayo nyumba zenu zinasoma, kama ni Kiswahili, Kisamia au Ateso, sio lazima Kiingereza kwasababu tu ni shule. Mfano wetu ni huu, chukueni mkipenda:

> *Mzazi mpendwa,*
> *Tarehe ____ hadi ____ shule itakusanya chakula cha stoo ya ____, inayosaidia familia za hapa kwetu. Darasa la mtoto wako limepewa KITU KIMOJA: ____, kiasi: ____.*
> *Tafadhali kiwe kikavu na kisafi. Mafuta, sukari na chumvi viwe kwenye pakiti ambayo haijafunguliwa.*
> *Hakuna mtoto atakayeulizwa kama hakuleta. Anayetaka kutoa pesa amwone mweka hazina wa PTA na apate risiti.*
> *Hesabu yote itasomwa paredi tarehe ____. Karibuni.*

Ule mstari wa "hakuna mtoto atakayeulizwa" usiufute hata hedimasta akisema unapunguza mchango.

Sikiliza, kwenye darasa lako kuna watoto ambao nyumba yao inapokea kutoka stoo hiyo hiyo. Wapo, hata kama huwajui, na hutakiwi kuwajua. Kuna wengine mchana hawali kwasababu pesa ya chakula cha shule haikupatikana. Ukisimama mbele na orodha ya majina ukaanza "nani hajaleta?", yule mtoto kesho haji shule, au anachota kikombe cha maharage yaliyobaki ya chakula cha usiku cha wadogo zake ili asichekwe. Niliona hilo la pili kwa macho yangu, mtoto wa P.4 na maharage yamefungwa kwenye kona ya leso, kama kiganja kimoja hivi. Nilipokea, ningefanya nini. Tangu siku hiyo tunapima darasa, hatupimi mtoto. Hakuna zawadi ya "aliyeleta zaidi". Gunia linafunguliwa mlangoni asubuhi, anayeleta anamimina, asiyeleta anapita, basi.

Tangazeni barua ikitoka, alafu mara moja tena siku mbili kabla. Mara mbili inatosha.

Utajua umefaulu mzazi akikuuliza getini "si ni maharage darasa la Akello?" badala ya "mnataka nini jamani?"

## Hatua ya 5: Kupokea, kukagua, kupima

Siku tatu tu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Wiki mbili za kupokea hazileti chakula zaidi, zinaleta panya zaidi. Ijumaa ni ya kupeleka.

Meza iwe chini ya mti au kwenye veranda, mahali watu wote wanaona, sio ofisini. Wanafunzi wa P.5 na P.6 wanapokea, mwalimu anakagua, mzazi wa PTA anaandika.

Maharage. Mwaga kwenye turubai. Tundu dogo la duara kwenye punje maana yake mdudu ameshatoka, na kama wapo waliotoka basi wapo bado ndani. Chekecha, ukiona vumbi jeupe na wadudu wanaotembea weka pembeni kwenye gunia lake. Usichanganye ukidhani ni kidogo, mwezi mmoja mbele gunia zima litakuwa linatembea lenyewe.

Mahindi, kama mtu ameleta. Hapa ndipo chupa inaingia. Weka chumvi kavu vijiko vichache ndani ya chupa kavu, ongeza mahindi mpaka theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika moja, iache itulie robo saa. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15, hayo hayahifadhiki, yarudi juani. Isiposhika yako chini ya hapo. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi ni asilimia 13.5, kwahiyo kama yatakaa stoo muda mrefu bado yaanikwe siku moja mbili zaidi, jaribio la chupa halifiki huko.

Karanga. Kuwa mkali bila huruma. Zilizokunjamana, zenye rangi ya kijani au kijivu, zenye harufu ya uvundo, usipokee. Ile sumu ya kuvu, aflatoksini, haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha kwa kawaida, na inaharibu ini. Kiwango kinachoruhusiwa ni sehemu 10 tu katika bilioni, hakuna jicho linaloweza kupima hiyo, kwahiyo jicho likiona kuvu tayari umechelewa. Usiseme "tutawapa kuku", nao wanadhurika. Na karanga za kusagwa kutoka nyumbani msipokee kabisa, huwezi kujua zilisagwa zikiwaje.

Mukene. Ziwe kavu za kuvunjika. Ukikunja na inapinda bado ina maji. Ziangalie kama zina mchanga, zile zilizoanikwa chini zinakuwa nao. Ndoo yake iwe na kifuniko na ikae mbali na sukari na majani ya chai, vinginevyo chai ya bibi wa watu itanukia ziwa.

Mafuta. Chupa iliyofungwa kiwandani tu. Yale ya kupimwa dukani kwenye kaveera rudisha kwa upole.

Vya kopo na pakiti. Tarehe, na kopo lililovimba au lililobonyea kwenye mshono litupwe bila kufunguliwa. Sisi hatupati mengi ya hayo kwahiyo siendelei.

Matoke, mihogo, viazi vitamu. Barua haikuvitaja lakini vitakuja, utaona. Mwaka jana baba mmoja alifika na mkungu mzima wa matoke begani siku ya Jumanne, amevaa na shati ya Jumapili. Humwambii mtu kama huyo arudi nao. Tuliuweka kwenye boda tukaupeleka stoo saa hiyo hiyo, wakapikia watu mchana. Kwahiyo tenga nauli ya boda moja au mbili za dharura.

Baada ya kukagua, pima, andika. Daftari liwe na tarehe, darasa, kitu, kilo, na sahihi mbili. Jina la mtoto halipo popote.

Utajua umefaulu kila jioni kilo za daftari zikilingana na kilo za magunia ukipima tena, tofauti ya kilo moja kwenye mia sio kitu. Ikizidi hapo, msiende nyumbani mpaka mjue.

## Hatua ya 6: Usiku tatu za hatari

Chakula kinapotea usiku, kwa panya au kwa watu. Chumba kiwe na mlango mmoja, dirisha lenye wavu, na bati lisilovuja. Tupia macho kwanza kwenye kona: ukiona mavi ya panya tafuta chumba kingine, usijipe moyo.

Magunia yawe juu ya mbao, mbali na ukuta kama nusu mita. Ukuta wa udongo au matofali unavuta maji usiku na gunia linalougusa linaota kuvu upande mmoja, na hiyo nusu mita ndipo utakapopita na tochi kuangalia. Usiweke sumu ya panya karibu na chakula. Mitego sawa. Na chumba kisiwe kile cha mafuta ya taa, rangi au dawa ya mimea, unga unashika harufu haraka kuliko unavyodhani.

Kufuli mbili, funguo moja kwa mwalimu, nyingine kwa mzazi wa PTA, hakuna anayeingia peke yake. Watu watasema humwamini hedimasta. Jibu ni kwamba kufuli la pili linamlinda hedimasta, sukari ikipungua hakuna anayeweza kumtaja.

## Hatua ya 7: Kupeleka Ijumaa

Piga simu stoo Alhamisi jioni na tena Ijumaa asubuhi. Gari tafuta mapema, mzazi mwenye pikapu ni bora kuliko tuktuk tatu, kwasababu vitu vikigawanyika kwenye vyombo vitatu kimoja kitapitia njia nyingine.

Pakia vizito chini, sukari na chumvi katikati, sabuni mbali na unga. Turubai juu hata kama anga ni safi, wa Busia mnajua mvua yetu haibishi hodi.

Mkifika msimwage tu na kupiga picha. Pimeni tena mbele ya mwenye stoo, aandike kwenye daftari lake, mwandike kwenye lenu, wote mtie sahihi pande zote mbili. Inachukua saa nzima na jua linawaka na dereva analalamika, vumilia. Pelekeni wanafunzi wawili au watatu wa P.6 waone, wabebe, wasaidie kupanga, lakini iwe saa ambayo wapokeaji hawapo. Mtoto hatakiwi kumkuta jirani yake kwenye mstari.

Picha: magunia, mizani, daftari, hivyo pigeni mpaka mchoke. Sura za wanaopokea hapana. Watoto wa shule ni kwa ruhusa ya wazazi, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na hata isingekuwepo bado ni adabu.

Utajua umefaulu ukirudi na karatasi yenye sahihi na mhuri wa stoo, na chumba cha shule kiko kitupu kabisa. Kukiwa na gunia limebaki "la wiki ijayo" hujamaliza.

## Hatua ya 8: Soma hesabu mbele ya wote

Jumatatu paredi, dakika tano. Maharage kilo kadhaa, chumvi pakiti kadhaa, pesa iliingia kiasi hiki, ikanunua unga kilo hizi, nauli ilikuwa hii, iliyobaki ni hii na iko kwa mweka hazina. Taja pia kilichokataliwa na kwanini, bila kutaja darasa. Bandika karatasi hiyo getini wiki moja ili wazazi waione.

Hii ndiyo hatua ambayo walimu wanaipuuza zaidi, wamechoka, na mwaka unaofuata wanashangaa kwanini wazazi wamekuwa wagumu.

## Shule za bweni

Kwa bweni badilisha kitu kimoja tu: siku ya kupokea iwe siku ya wazazi kutembelea, barua itoke wiki tatu kabla, na mchango upelekwe kesho yake. Msichukue vitu kutoka kwenye masanduku ya wanafunzi, ile sukari yao ndiyo muhula wao, na mtoto wa S.1 (sekondari mwaka wa kwanza) akiambiwa na prifekti "toa" hatasema hapana.

## Lile gunia la pembeni

Mtabaki na maharage yenye wadudu, kila mtu anabaki nayo. Yaanike kwenye turubai jeusi jua kali, yamefunikwa na plastiki inayopitisha mwanga, joto linawaua, alafu chekecha. Yakitoka safi, mwambie mwenye stoo ukweli yalikuwaje, akiyataka yapikwe wiki hiyo hiyo, yasiwekwe na mengine. Akiyakataa, jikoni ya shule wakubwa wanaweza kuyala. Yakiwa na kuvu au harufu, chimba shimo nyuma ya bustani, fukia, na uandike kwenye daftari kilo ngapi zimefukiwa, nani alikuwepo.